Nenosiri la Seva na Sanduku la VICOBA

Mkuu wa shule alifungua kabati la chuma, akatoa kaunta buku yenye jalada gumu jekundu, akapekua mpaka ukurasa uliokunjwa kona. "Kijana aliyetutengenezea aliniandikia hapa," akasema. Kwa kalamu ya bluu paliandikwa jina la tovuti ya shule, neno "admin", na nenosiri lililounganisha jina la wilaya na mwaka. Niliketi na kompyuta yangu pale pale ofisini, nikaliandika mara tatu. Lilikataa. Tukampigia kijana mwenyewe. Simu ikapokewa na mama mmoja wa Morogoro asiyemjua kabisa: laini ile ilishafungwa kwa kutotumika, kampuni ya simu ikaiuza upya. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Wazazi wa Newala, Masasi na Tandahimba walikuwa wakitafuta fomu za kujiunga na kidato cha kwanza. Fomu zimo ndani ya tovuti, na ufunguo wa tovuti haukuwa kwa mtu yeyote ndani ya geti la shule.

Kazi ile ilinichukua siku tano. Muda wa kugusa mitambo yenyewe haukufika saa moja. Siku zilizobaki ziliishia kwenye makaratasi: barua yenye mhuri, nakala ya cheti cha usajili wa shule, risiti ya malipo ya mwisho, kitambulisho cha mkuu, vyote vikitumwa kwa kampuni inayohifadhi tovuti mpaka iridhike kwamba shule ndiyo mwenye mali.

Nimezunguka na kazi hii kati ya Newala na Masasi kwa miaka kadhaa, katika shule, vituo vya afya vya dini, vyama vya msingi vya wakulima na asasi ndogo za vijana. Naona jambo lile lile likijirudia. Nenosiri likipotea tunamwita fundi, kama vile bomba limepasuka. Fundi anaweza kubadilisha nenosiri lolote lile. Hawezi kuamua ni nani mwenye haki ya kubadilishiwa, na hapo ndipo penye kazi.

Watu husema "paswedi ya tovuti" kana kwamba ni moja. Kwa kawaida ni tano au sita, na kila moja inafungua mlango wake. Ipo ya akaunti ya malipo kwenye kampuni inayohifadhi tovuti. Ipo ya paneli ya usimamizi, ambayo mara nyingi ni cPanel, mahali ambapo mafaili, barua pepe na kanzidata vyote vinaonekana. Ipo ya kanzidata yenyewe, ambayo mtu haiandiki kila siku kwa sababu programu ya tovuti ndiyo inayoitumia kimya kimya kila ukurasa unapofunguliwa. Ipo ya msimamizi wa tovuti, kwa mfano ndani ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Ipo ya kikoa, yaani jina lenyewe la tovuti. Halafu ipo ya barua pepe, ambayo nitairudia, maana hiyo ndiyo mama yao wote.

Mwenye seva yake mwenyewe anaongeza moja zaidi: nenosiri la mtumiaji anayeitwa root, mwenye amri juu ya kila kitu. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa ndani ya MySQL, programu ya kanzidata iliyoenea kuliko nyingi, yupo pia mtumiaji anayeitwa root. Ni somo wake tu. Wameitwa jina moja, lakini ni watu wawili tofauti, na nenosiri la mmoja halimfungulii mwenzake. Kwenye seva nyingi za Ubuntu za siku hizi huyo root wa kanzidata hana nenosiri kabisa: anatambuliwa kwa kuwa aliyeingia tayari ni root wa seva. Nimeshuhudia mtu akihangaika mchana kutwa kutafuta nenosiri ambalo halikuwahi kuwekwa.

Turudi shuleni. Njia nyepesi ya kumrejesha msimamizi wa WordPress ni kubofya kiungo cha "umesahau nenosiri". Mfumo unatuma ujumbe kwenye barua pepe ya msimamizi, unabofya, unaweka jipya. Barua pepe iliyosajiliwa ilikuwa ya yule kijana, anwani yake binafsi. Mlango huo ukawa umefungwa. Kampuni ilipokubali hatimaye kutupa cPanel, tulipita chini ya sakafu: tukafungua phpMyAdmin, programu ya kutazama na kuhariri kanzidata, tukaingia kwenye jedwali linaloitwa wp_users, tukatafuta mstari wa msimamizi na safu ya user_pass.

Mkuu wa shule aliinama kutazama. Alitarajia kuliona nenosiri la zamani, akaona mfuatano mrefu wa herufi, tarakimu na alama zisizosomeka. "Hili ndilo alilokuwa anaandika?" akauliza. Nikamjibu kwa mfano wa mashine ya kusaga. Nenosiri linaposajiliwa, mfumo haulihifadhi punje. Unalisaga, unatunza unga. Mtu anapokuja kesho na nenosiri lake, linasagwa tena, na unga unalinganishwa na unga. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, ndiyo maana hakuna fundi mwaminifu anayeweza kukusomea nenosiri lako la zamani kutoka kwenye mfumo uliotengenezwa vizuri. Anaweza kuufuta unga ule na kuweka mwingine. Kampuni ikikutumia nenosiri lako la zamani neno kwa neno, jua kwamba inatunza punje, na uondoke kwake mapema.

Busara hiyo ilipatikana kwa gharama. Katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mfumo wa CTSS uliobuniwa na Fernando Corbató na wenzake ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya kompyuta kumpa kila mtumiaji nenosiri lake. Yalihifadhiwa katika faili moja, yakisomeka. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliyehitaji muda zaidi wa kutumia mashine, aliomba faili hiyo ichapishwe, na ikachapishwa. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza namna ya kusaga vizuri zaidi: kila nenosiri linaongezewa herufi za nasibu kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasiwe na unga unaofanana. Herufi hizo waliziita chumvi, na jina limebaki mpaka leo. WordPress ilikaa miaka mingi na kinu chepesi. Toleo la 6.8, la Aprili 2025, lilihamia kwenye bcrypt, kinu kilichofanywa kizito kwa makusudi, ili mwizi anayejaribu mamilioni ya maneno achoke mapema.

Tuliandika nenosiri jipya katika safu ile, tukachagua lisagwe kwa MD5, kinu cha zamani ambacho WordPress bado inakitambua, tukahifadhi. Mkuu alipoingia kwa mara ya kwanza, mfumo ukalisaga upya kwa kinu chake cha kisasa bila yeye kujua. Ilikuwa dakika nane. Fomu za kujiunga zikawekwa mchana ule ule.

Kazi ya nenosiri la kanzidata ni nyingine, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu anaingia cPanel, anaona sehemu ya kubadilisha nenosiri la mtumiaji wa kanzidata, anabadilisha kwa nia njema. Sekunde hiyo hiyo tovuti inazimika, na mahali pake panakaa ujumbe kwamba mawasiliano na kanzidata yameshindikana. Hakuna kilichoharibika. Programu ya tovuti ilikuwa na nakala ya ufunguo wa zamani, iliyoandikwa ndani ya faili. Kwa WordPress faili hiyo ni wp-config.php, kwa Joomla ni configuration.php, kwa Moodle inayotumiwa na vyuo ni config.php. Ukibadili kitasa, lazima umkabidhi aliye ndani ufunguo mpya. Kwa hiyo chukua kwanza nakala rudufu ya kanzidata na mafaili, fungua faili hiyo ukae nayo mkononi, badilisha nenosiri, kisha andika jipya humo na uhifadhi papo hapo. Fanya usiku, watu wakiwa wamelala. Na nenosiri hilo lisifanane na jingine lolote, kwa sababu limeandikwa wazi ndani ya faili, punje tupu.

Kwa mwenye seva yake, nenosiri la root wa MySQL likipotea, vitabu vingi vya mafundi vinamwelekeza aiwashe kanzidata kwa amri ya skip-grant-tables. Amri hiyo inazima ukaguzi wote wa haki. Inafanya kazi, na inanitia hofu kila ninapoona ikitumiwa kwa haraka, kwa sababu kwa dakika zile kanzidata inamkubali kila mgeni kama bwana. Tangu MySQL 8.0 programu yenyewe inakata mlango wa mtandao amri hiyo inapotumika. Matoleo ya zamani hayafanyi hivyo. Njia salama zaidi ni kuandika mstari mmoja wa ALTER USER ndani ya faili ndogo, kuiambia kanzidata iusome inapowaka kwa init-file, kisha kuifuta faili hiyo kabla hujafanya jambo jingine. Tofauti ya njia hizi mbili ni dakika tano. Nawasihi vijana wanaojifunza kazi hii wazitoe hizo dakika.

Hata ufundi wote ukiwa safi, programu yenyewe inaweza kusaliti. Mwaka 2012 iligundulika kwamba katika matoleo fulani ya MySQL na ya ndugu yake MariaDB, mtu aliyejaribu nenosiri lolote la uongo tena na tena aliweza kukubaliwa, wastani wa mara moja katika kila majaribio 256. Hesabu hiyo kompyuta inaimaliza kwa kupepesa jicho. Aliyechelewa kusasisha hakulindwa na ugumu wa nenosiri lake.

Mwaka huo huo, Januari 2012, mdukuzi kutoka Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mpigo mmoja. Wenye tovuti ndogo zilizopanga pamoja seva moja tuisome habari hiyo kwa makini. Fundi anayehudumia wateja kumi kwa akaunti moja na nenosiri moja amewatia wote katika chumba kimoja, na kosa la mmoja linawafikia tisa. Kila tovuti iwe na mtumiaji wake wa kanzidata, mwenye haki juu ya kanzidata hiyo tu.

Novemba 2021 likatokea la ukubwa mwingine. Kampuni ya Marekani ya kuhifadhi tovuti, GoDaddy, ilitangaza kwamba mtu alikuwa ameingia katika mfumo wake wa WordPress kwa kutumia nenosiri lililovuja, na kukaa humo tangu Septemba. Wateja hadi milioni 1.2 waliguswa. Kwa wale ambao tovuti zao zilikuwa hai, manenosiri ya kanzidata na ya kuhamisha mafaili yalikuwa wazi, hata nenosiri la kwanza la msimamizi kwa ambao hawakuwahi kulibadilisha. Kampuni ikalazimika kuyabadilisha kwa niaba ya wateja. Ukiwa Newala unaweza kudhani hayo ni ya Wamarekani. Lakini sisi tunajua kutegemea kitu kilicho mbali: maji tunayokunywa huku juu ya uwanda hupandishwa kutoka visima vya Mitema, bondeni, na pampu ikigoma huko ndoo zinakauka huku. Na tovuti ya shule ya Newala mara nyingi inakaa kwenye seva ya Ulaya au Marekani.

Sasa barua pepe. Milango mingi niliyoitaja ina kibao kimoja: umesahau nenosiri? Na karibu yote, ukigonga, inatuma ufunguo mpya kwenye barua pepe. Anayeishika barua pepe hahitaji kujua nenosiri lolote. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha yote baada ya mtu kuondoka au baada ya wizi, anza na barua pepe, kisha akaunti ya malipo na kikoa, kisha paneli, kisha kanzidata, na msimamizi wa tovuti awe wa mwisho. Ukianzia chini, aliye juu atakufuata nyuma akibadilisha kila ulichobadilisha. Baada ya hapo, kwa WordPress, badilisha pia funguo za siri zilizo ndani ya wp-config.php, maana aliyekwisha kuingia jana anaweza kuwa bado yumo, na hatua hiyo inawatoa wote nje.

Laini ya simu ni barua pepe ya pili. Wengi wameweka uthibitisho wa hatua mbili unaotuma namba za siri kwa ujumbe mfupi. Ni vizuri kuliko kukosa. Lakini yule mama wa Morogoro, bila kutaka wala kujua, alikuwa anashika nusu ya ufunguo wa shule ya Newala. Laini ya taasisi isajiliwe kwa jina la taasisi, na bora zaidi ni programu ya simu inayotoa namba hizo bila kutegemea laini, pamoja na namba za akiba zilizochapishwa kwenye karatasi.

Mlango huu wa kurejesha, uliowekwa kwa ajili ya mwenye mali aliyesahau, ndio mlango mpana kuliko yote kwa mwizi. Hapigani na nenosiri; anapiga simu. Anajifanya mkurugenzi mwenye haraka, ana jina la taasisi, ana sauti ya kuamuru. Kwa hiyo kampuni ilipotuzungusha siku nne ikidai mihuri, mkuu wa shule alikasirika, nami nilimwambia ashukuru. Kampuni ambayo ingetufungulia kwa simu ya dakika mbili ingemfungulia na mwingine.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mosi mwaka huo, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Kujua nenosiri si idhini. Kijana aliyeacha kazi akaingia tena kwa nenosiri la zamani "kuangalia tu" yuko hatarini, na fundi anayebadilisha nenosiri la msimamizi kwa maneno ya mdomo ya mjumbe mmoja wa kamati yuko hatarini vile vile. Sigusi seva ya mtu bila barua yenye sahihi ya mwenye mamlaka. Tangu Mei mosi 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kanzidata ya shule ina majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa na namba za wazazi. Ya chama cha msingi ina wakulima, kilo zao na akaunti zao za benki. Anayezikusanya anawajibika kuzilinda.

Upande wa serikali hali ni nafuu. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri nchini zilifunguliwa tovuti zenye mfumo mmoja, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 wa kuimarisha mifumo ya sekta za umma. Wakala hiyo baadaye ikawa Mamlaka kwa sheria ya 2019. Halmashauri ya Mji wa Newala na ile ya Wilaya, kama zile za Masasi, zina maafisa TEHAMA, na afisa akihamishwa yupo wa juu anayeweza kumfungulia mrithi wake. Usalama kamili haupo popote: Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X ilidukuliwa, na uongo ukatangazwa kwa jina lake. Lakini taasisi kubwa ina pa kukimbilia. Shule binafsi, zahanati ya misheni na asasi ya kijiji zina kijana mmoja mwenye kompyuta, na akienda Dodoma kutafuta maisha anaondoka na nyumba nzima mfukoni, mara nyingi bila ubaya wowote moyoni.

Wengine wanadhani dawa ni kubadilisha manenosiri kila baada ya miezi mitatu. Sikubaliani nao. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017 iliacha kushauri mabadiliko ya lazima ya tarehe, kwa sababu watu waliolazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mezani. Badilisha mtu anapoondoka, panapokuwa na dalili ya kuvuja, au fundi wa nje anapomaliza kazi. Kwa siku nyingine, nenosiri refu linalokaa kwenye programu ya kutunza manenosiri linatosha.

Dawa ninayoiamini tunayo tayari nyumbani. Kina mama wa VICOBA wanatunza fedha zao katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikundi. Hakuna aliyemtuhumu mwenzake. Wameona tu kwamba fedha za wengi hazikai mkononi mwa mmoja. Mkuu wa shule ile, mke wake akiwa mweka hazina wa kikundi kama hicho, alielewa kabla sijamaliza sentensi.

Tukafanya hivi. Barua pepe mpya kwa jina la shule, si la mtu. Kikoa na malipo vikaandikwa kwa jina la shule. Wasimamizi wawili wa tovuti, kila mmoja na nenosiri lake. Bahasha moja yenye namba za akiba na nenosiri la programu ya kutunzia mengine, ikafungwa kwa gundi, mkuu na mwenyekiti wa bodi wakasaini juu ya mfuniko, ikawekwa ndani ya sefu ya mhasibu. Na kwenye fomu ya makabidhiano ya ofisi, pale palipoandikwa viti, meza na mihuri, ukaongezwa mstari mmoja wa tovuti na barua pepe. Ile kaunta buku nyekundu ilirudi kabatini, ukurasa wenye kona iliyokunjwa ukiwa umechanwa.

Ndugu msomaji, kama taasisi yako ina tovuti, mwulize leo aliyeitengeneza swali moja: ukibofya "umesahau nenosiri", ujumbe unakwenda kwa nani? Kama jibu ni jina la mtu, mwombe akae nawe alasiri moja mhamishe kila kitu kwenye jina la taasisi, angali anapatikana kwa simu.